Kefa Chidawali, Mkaguzi wa Nyama, na Tegu Aliyemfuatilia

Ndugu waombolezaji, leo Jumamosi tarehe 16 Agosti 1997 tumekuja kumsitiri Kefa Chidawali. Haya ni maisha yake kwa ufupi. Anayesoma ni mimi, Emiliana, mdogo wake.

Marehemu alizaliwa hapa hapa kijijini, Kongwa, tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mzee Charles Chidawali. Alimaliza darasa la nane mwaka 1966, akachunga ng'ombe wa baba miaka minne, kisha akasoma chuo cha mifugo Mpwapwa hadi 1973.

Alirudi akiwa mkaguzi wa nyama. Kabla nguruwe hajachinjwa, alimlaza na kupapasa ulimi wake akitafuta vivimbe vya tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni. Watoto walimwita Bwana Ulimi. Akikutana nao njiani alisimama, akasema, "Haya, toeni niwakague," nao wakatoa ndimi wakicheka.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Loisi katika kanisa hili. Walijaliwa Elisha na Priska.

Serikali ilipolegeza biashara miaka ya themanini, nguruwe wakapata soko Dodoma mjini. Karibu kila nyumba ikafuga, na wengi wakachinja uani bila kumwita. Marehemu akaanza kuzunguka kwa baiskeli. Aliandika kila nguruwe mwenye vivimbe, na kila mtu aliyeanguka kifafa. Kaya zilikuwa zile zile. Alituma taarifa kwa wakubwa wake mara nne, hakujibiwa. Majirani walimwambia watoto wao wamerogwa, aache kuandika majina yao.

Septemba 1994 alianguka yeye mwenyewe, sokoni. Dar es Salaam walimpiga picha ya kichwa, wakakuta mabuu ya tegu kwenye ubongo. Tangu aanze kazi hakuwahi kula nguruwe. Lakini alijua kwamba mayai ya tegu hutoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu tumboni, yakaingia kwenye chakula kwa mikono isiyonawa vizuri. Aliporudi alitutaka wote nyumbani tupimwe choo.

Mwenye tegu nilikuwa mimi. Niliishi kwake tangu 1990. Nilikula kwa siri nyama aliyoikataza, na mimi ndiye niliyewapikia wote nyumbani.

Nilipopewa dawa nilimwendea, nikasema, "Kaka, nimekuua."

Alijibu, "Hukujua, Emiliana. Ila ukisoma wasifu wangu, usiseme niliugua kwa muda mrefu. Taja ugonjwa."

Alhamisi iliyopita kifafa kilimshika mfululizo tangu asubuhi. Alifariki saa nane mchana, mikononi mwa Loisi.

Ameacha mama yetu, mjane, watoto wawili na mimi. Jumatatu zahanati itapima choo cha yeyote atakayekuja. Nitakuwa pale mlangoni. Anayeona aibu aje, tutaingia pamoja.

Bwana ampe kaka yangu pumziko lenye amani.