Mutum Watano wa Mzee Otacílio

Benchi liko mbele ya duka langu na kahawa naichemsha mimi, kwa hiyo wanaokaa hapo kupayuka nina haki ya kuwasema. Kila asubuhi kabla ya kazi za kakao wapo watatu wale wale. Yupo Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Yupo Podão, tuliyempa jina la fimbo ndefu yenye kisu ya kuangulia kakao, kwa urefu wake na kwa kupenda kuchokoza vilivyotulia. Na yupo Mzee Otacílio, ambaye hatumwiti jina la utani, maana tangu mkewe Eufrásia afariki hakuna mwenye moyo wa kumtania sana. Siku kumi na tisa zilizopita watu wa mradi wa kurudisha ndege msituni walifungua banda shambani kwake wakawaachia mutum watano, ndege weusi wakubwa kama bata mzinga, waliotoweka huku kwetu tangu enzi za baba zetu. Wakaingia vichakani, na hadi leo hakuna aliyeokota hata unyoya.

Redio: Wameshafika baharini wale.

Podão: Kufanya nini baharini?

Redio: Wamezaliwa bandani kwa mradi, kaka. Msitu hawaujui. Wamelishwa chakula cha gunia, na chakula cha gunia kina chumvi. Sasa wanafuata chumvi.

Podão: Umewahi kukionja?

Redio: Hata baharini sijafika, lakini najua ina chumvi.

Podão: Achana na bahari, bwana. Hao wameliwa na chui. Mradi ulileta ndege mchana, chui ukawaleta kimyakimya. Si uliliona lile lori lililofunikwa turubai?

Mimi: Lile lori liliniletea saruji.

Podão: Na chini ya saruji kulikuwa na nini, mama? Uliangalia?

Redio: Chui angeacha manyoya. Hao wamerudi wenyewe kule bandani walikozaliwa. Kuna mtu amewaona wamejipanga barabarani, watano, wanasubiri basi.

Podão: Mtu gani?

Redio: Mtu mzima. Hawezi kusema uongo.

Mzee Otacílio alikuwa anachovya mkate wake wa muhogo kwenye kahawa, hacheki. Nami sikucheka sana, kwa sababu nilijua Alhamisi ina nini. Siku hiyo watu wa mradi wanarudi, na walimwambia wazi: pasipopatikana dalili yoyote kwamba ndege wako hai, mutum watano wengine waliokuwa waje kwake watapelekwa ng'ambo ya mto kwa mtu mwingine.

Podão: Mzee wangu, usinichukie. Tatizo ni shamba lako. Juzi nimekatiza kwako, magugu yameninyang'anya kiatu.

Mzee Otacílio: Ukikiona tena usikiokote. Labda ndege watakipenda.

Podão: Watu wanakusema, mzee.

Ni kweli wanamsema. Kwetu mwanamume hupimwa kwa chini ya mikakao yake. Miti mirefu ya msituni tunaiacha itoe kivuli, mikakao inakaa katikati, na chini unafyeka mpaka umwone sisimizi anakopita. Ugonjwa tunaouita fagio la mchawi ulipokausha kakao yetu, wengi walikata miti mirefu wakaleta ng'ombe. Mzee Otacílio alipanda zaidi. Miaka minane amekuwa akichanganya mikakao na minazi mwitu ya jusara na kila mti wa msituni wenye tunda linaloanguka likaliwa na ndege. Na mwaka huu wote panga lake halijagusa gugu.

Mzee Otacílio: Mutum hakai palipofyekwa. Anatembea chini, anataka pa kujificha.

Redio: Nani kakwambia hayo? Watu wa mradi?

Mzee Otacílio: Eufrásia.

Eufrásia alikulia juu ya mto, kule ambako ndege hawa walikawia kwisha, na utotoni aliwasikia kila alfajiri. Kila mtu hapa anajua aliomba kitu kimoja tu alipoanza kuugua, amsikie mutum tena, na kila mtu anajua hakumsikia. Miti aliyoipanda mzee ilikuwa bado haijamfikia mtu magotini.

Redio: Lakini mimi nimewasikia, mzee. Mara mbili, upande wa kwako. Waambie watu wa mradi hivyo.

Podão: Mara moja na mimi.

Walisema kwa kumpenda, nawajua. Wakati huo akatokea mwalimu mpya, Ivonete, viatu mkononi na matope mpaka kwenye pindo la sketi. Kashuka basi barabara kuu akakatiza shambani kwa mzee. Nikampa kikombe.

Ivonete: Samahani, wazee wangu. Nimesikia kitu huko kwenye jusara. Sauti nzito, ya chini, nusura niseme ni tumbo langu. Basini walikuwa wanasimulia habari za ndege wenu. Mutum analiaje?

Mzee Otacílio akaweka kikombe chini. Akamtazama Redio. Redio akatazama kahawa yake. Podão akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mzee Otacílio: Jamani, si mmewasikia?

Redio akapuliza kahawa iliyokwisha poa.

Mzee Otacílio: Mke wangu alikuwa anamwigiza. Wanawake wakikaa duara kupasua kakao, yeye anaanza. Nilikuwa namwambia anyamaze, anachelewesha kazi.

Akafungua mdomo kana kwamba atatoa hiyo sauti, akaufunga. Akanigeukia.

Mzee Otacílio: Mama Zuleide, wewe ulikuwa unakaa pembeni yake.

Nilikuwa nakaa pembeni yake, misimu kumi na miwili, goti kwa goti. Nakumbuka mikono yake ilivyonata utelezi wa kakao, nakumbuka tulivyokuwa tunamcheka akianza. Sauti yenyewe sina. Niliitafuta pale pale, birika mkononi, nikamtamani Eufrásia kwa uchungu ambao sikuwa nao hata siku ya mazishi yake.

Mimi: Sikumbuki, mzee. Nisamehe.

Akamuuliza mwalimu ni kwenye jusara zipi, za juu au za bondeni. Za bondeni, akasema mwalimu. Akaondoka kuelekea huko, kofia ameiacha kwenye benchi. Redio alitaka kusema neno, Podão akambana goti. Mwalimu akasimama na kikombe chake. Tukakaa tunasikiliza, sote wanne, wala hatukujua tunasikiliza nini.