Wasifu wa Bi Tiki, Aliyejua Maji Yamefika Wapi

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu, atoaye uhai bila kuombwa na autwaaye bila kuulizwa. Tumekusanyika kumzika dada, mama na fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Tiki.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Agosti 1951, katika nyumba ya ghorofa moja nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mwalimu na mkunga. Mama alipoitwa kuzalisha, kaka mtu, aliyemzidi miaka saba, ndiye aliyemfunga viatu na kumfundisha kusoma. Akikosea herufi hakulia. Alisema tu, "Kaka, isome wewe kwanza, nisikie."

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965 na sekondari mwaka 1969. Chuo cha ufundi kilimpokea katika idara ya umeme, msichana peke yake darasani, naye akahitimu Novemba 1972.

Januari iliyofuata aliajiriwa katika karakana ya vyombo vya nyumbani, na mwaka 1984 akafungua yake, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Mashine za kufulia za zama hizo hazikupima maji kwa lita. Mpira mwembamba ulitoka chini ya tangi, ukapanda hadi kwenye swichi ya duara. Maji yalipopanda yaliibana hewa iliyomo mpirani, hewa ikasukuma kigozi kilichomo ndani ya swichi, kigozi kikakata umeme wa valvu iingizayo maji: tiki, maji yakakoma, ngoma ikaanza kuzunguka. Marehemu aliupuliza mpira huo kwa kinywa chake, macho ameyafumba, akiungoja mlio. Jina lake lilitoka hapo.

Mwuza vitambaa mmoja bado husimulia siku alipompokea marehemu mlangoni kwake, sketi yake mwenyewe imelowa hadi magotini.

"Bi Tiki, mashine hii inakunywa, haishibi. Nimedeki mara nne tangu asubuhi."

Marehemu akauchomoa mpira, akatoa donge la sabuni iliyoganda. "Imeshiba zamani, dada. Koo limeziba, haiwezi kusema."

"Mume wangu naye hivyohivyo."

"Huyo sina vipuri vyake."

Kila nyumba aliyoingia aliiachia usia mmoja: ukimaliza kufua, funga bomba. Alieleza kwamba valvu za zamani huzuia maji kwa kipande cha mpira tu. Chembe ya mchanga ikikaa hapo, maji huendelea kuingia hata umeme ukiwa umezimwa, na swichi haina la kufanya.

Tarehe 20 Desemba 1975 aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache, wakajaliwa binti na mwana. Mumewe alifariki mwaka 2003. Marehemu akarudi nyumba ya wazazi, akakaa juu. Chini aliishi kaka yake, naye mwalimu kama baba yao, katika chumba cha vitabu alimokuwa akiandika, kwa wino na kwa nakala moja tu, ufafanuzi wa maandiko ya kale. Mwaka 2009 kazi hiyo ilikuwa imefikia mwaka wa kumi na tisa.

Jumamosi tarehe 14 Machi 2009 maji yalikatika mjini. Marehemu alifungua bomba la mashine yake kuangalia kama yamerudi, akakuta pakavu, akaitwa kwa mteja, akatoka. Maji yaliporudi yalikuja na mchanga. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini ilijaa, ikamwagika, na dari la chumba cha vitabu likavuja saa tano nzima, kaka yake akiwa ametoka.

Aliporudi alimkuta kaka yake ameshika kurasa zilizogeuka rangi ya chai.

"Kosa ni langu, kaka," alisema.

"Unawafundisha watu wote kufunga bomba."

"Nawafundisha, na leo nimesahau. Nisamehe."

"Usiniite kaka."

Alitii. Alihama mwezi uleule, na kwa miaka kumi na mitano, kila walipokutana harusini au mazikoni, alimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Kaka yake aliitikia "marahaba" na kuendelea na safari yake. Watoto wa marehemu walipolalamika, aliwaambia, "Mwacheni. Mimi nilisahau asubuhi moja, yeye amepoteza miaka kumi na tisa."

Mnamo Februari 2024 moyo wake ulianza kushindwa, maji yakamjaa miguuni, kisha mapafuni. "Daktari," alisema, "hapa swichi ndiyo imechoka." Daktari alicheka, kisha akamshika mkono kupima mapigo.

Jumatatu tarehe 10 Juni, alasiri, kaka yake alifika wodini kwa mara ya kwanza. Marehemu alifumbua macho. "Karibu, Mwalimu." Kaka yake alikuwa amebeba maneno tangu nyumbani, lakini wodi ilikuwa na watu, akaona aibu. Alimtengenezea mto, akasema, "Nitakuja kesho tuzungumze." Marehemu akaitikia, "Nitakusubiri." Alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Juni 2024 Mola alimwita, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Maneno yale kaka yake, anayewasomea wasifu huu, anayatamka leo mbele yenu, kwa kuwa jana hairudi. Karatasi zilikuwa karatasi. Dada yake aliomba radhi siku ileile, kwa sauti, bila kujitetea. Kaka aliyesoma vitabu vya rehema ujana wake wote hakuitoa. Mkosaji mkubwa ni yeye. Anaomba msamaha kwa Mungu na kwa watoto wa marehemu, na kwa marehemu mwenyewe, ambaye hawezi tena kumjibu.

Marehemu ameacha binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watano, na kaka.

Mola amtulize mahali pasipo uchovu, ampe raha isiyokoma.