Sabuni Haichagui Mmea

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mkutubi Mkuu, mwenye nyumba wetu wa leo, Daktari wetu wa mimea, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Lenzi na mwenyewe hajawahi kulikataa jina hilo, wageni waalikwa, majirani zangu wa kando ya mfereji, nanyi mliosimama pale mlangoni kwa sababu viti vimetushinda: nawasalimu nyote kwa heshima, na kwa furaha ambayo leo sina haja ya kuificha.

Nimeombwa niseme maneno machache. Aliyeniomba hanijui vizuri.

Mimi ni dobi. Wengi wenu mnanifahamu kupitia mashati yenu. Mheshimiwa, hilo ulilovaa nimelipiga pasi mimi, na naona kola bado imesimama wima. Kazi hii nilifundishwa na mama yangu, yule pale safu ya mbele mwenye mtandio wa kijani, naye aliifanya mpaka viganja vyake vikawa laini kama vya mtoto. Nyumba tunayolala, shule waliyosoma wanangu, miwani anayonitazamia mama sasa hivi, vyote vimetoka ndani ya beseni. Kwa hiyo siku watu waliposema beseni langu liondoke mtaani, mimi sikusikia habari ya beseni. Nilisikia habari ya maisha yetu yote.

Jambo lenyewe lilianza kwa jirani yangu Fundi Saa. Ameniruhusu nimtaje, tena ameniambia nisimpunguzie hata kidogo. Macho yalipoanza kumgomea kwenye vile vigurudumu vidogo vya saa, aliihamishia mikono yake kwenye bustani nyuma ya nyumba. Mlioiona bustani ile mnajua. Nyanya zimefungwa kwenye fito kwa mafundo yanayofanana, pilipili zimepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi, biringanya zinang'aa mpaka unaweza kuchania nywele. Alikuwa akiamka, anatoka na kikombe chake cha chai, anasimama katikati ya mimea hiyo bila kufanya lolote. Anasimama tu. Ni nani kati yetu asiyehitaji mahali pa kusimama namna hiyo?

Baada ya mvua kubwa za mwaka ule, akatoka asubuhi moja akakuta nyanya zimeinamisha vichwa. Majani ya kijani kibichi, lakini yamelegea kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Akazimwagilia. Jioni zikainuka kidogo, kesho yake zikalala tena, na keshokutwa hazikuinuka. Zikafuata pilipili. Zikafuata biringanya. Kisha bustani ya jirani wa chini yake, na ya jirani wa chini ya huyo.

Sasa, mfereji unaopita nyuma ya bustani zote hizo ndio unaopokea maji yangu ya povu. Ungekuwa wewe ungemtazama nani?

Fundi Saa alikuja mlangoni kwangu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa amechoka.

"Dada," akasema, "hayo maji yako yanaua."

"Yanaua nini, kaka?"

"Njoo uone."

Nikaenda, nikaona. Mimi nilijua pamba na hariri, nilijua doa la kutu na doa la mafuta. Nyanya sikuzijua. Wiki hiyohiyo mashati yakaanza kupungua kwenye kamba zangu. Kikao cha mtaa kikaitwa, na kwa sauti za upole kabisa, zile mnazotumia kumwambia mtu jambo baya, nikaambiwa nitafute pa kufulia nje ya mtaa kabla mwezi haujaisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa maneno. Nilitaka kwenda kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Mama akanikalisha. Akaniambia, "Mwanangu, usigombane na watu wanaolia. Mtafute anayejua."

"Anayejua nini, mama?"

"Anayejua mimea. Si kuna yule mama wa maktaba, chini ya ngazi?"

Vijana waliopo hapa hawakumbuki, lakini kliniki hii tunayoifungua leo ilikuwa meza moja chini ya ngazi za maktaba, na kibao kilichoandikwa: Leta jani lako. Tulikuwa tunapita pale tukicheka. Nani analipeleka jani hospitali?

Nikamwomba Fundi Saa mche mmoja. Akanitazama, akasema, "Chukua tu. Zote zinakufa." Nikakata tawi, nikaliviringisha kwenye taulo safi, nikaenda.

Mama Lenzi akalifungua lile taulo polepole kama anavua bendeji. Akageuza majani, akavaa miwani, akavua miwani. Kisha akauliza, "Mzizi uko wapi?"

"Nimeleta kichwa," nikasema.

"Dada yangu, mgonjwa haji hospitali kichwa peke yake."

Halafu yakaja maswali. Mimea ililegea kutokea juu au chini? Majani yalikuwa ya manjano kabla ya kulegea? Mwaka jana palipandwa nini? Bustani jirani zina nini kilichokufa, na zina nini kilicho hai? Hilo la mwisho lilinishangaza. Sote tulikuwa tumehesabu wafu. Hakuna aliyetazama walio hai.

Akasema lazima aione bustani yenyewe. Nikamuuliza lililokuwa likinisumbua. "Na kama ni maji yangu?"

Akanitazama usoni. "Kama ni maji yako, nitasema ni maji yako. Nitasema mbele yao."

Ndugu zangu, ningeweza kumwambia asije. Nilimwambia njia ya kufika.

Alikuja siku ya mapumziko, mtaa mzima uko nyumbani. Viatu vya mpira mguuni, kisu, na glasi ya kunywea maji, ile angavu isiyo na maua. Watu wakajaa uani kwa Fundi Saa kana kwamba kuna harusi, ila hakuna aliyetabasamu. Akatembea kando ya mfereji kutoka juu hadi chini. Akasimama kwenye mahindi.

"Haya yanakunywa maji gani?"

"Ya mfereji huuhuu," Fundi Saa akajibu.

"Na kabichi? Na mchicha ule?"

"Huuhuu."

"Sabuni haichagui mmea, ndugu yangu. Ikizidi, inaunguza kingo za majani, na inaunguza kila inachokifikia, polepole. Hapa pana kitu kinachochagua. Nyanya, pilipili, biringanya: hawa ni ndugu wa tumbo moja."

Kisha akakata shina la nyanya karibu na ardhi, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, akasema tusubiri. Tukasubiri. Watu wazima, wenye kazi na vyeo, tumeinamia glasi kama watoto kwenye dirisha la duka. Na ukaanza kushuka, mwembamba, mweupe, kutoka kwenye shina: uzi wa ute kama maziwa, unatelemka ndani ya maji. Akamwambia Fundi Saa akate shina la nyanya moja iliyokuwa nzima kwenye ndoo ya mke wake barazani, alitie kwenye glasi nyingine. Maji yakabaki maangavu.

"Huo uzi ni bakteria," Mama Lenzi akasema. "Wanaishi kwenye udongo, wanaingia mizizini, wanaziba njia za maji ndani ya shina. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope."

Fundi Saa akatoa mfukoni ile lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni, akapiga magoti mbele ya glasi. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliposimama hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. "Dada," akasema mbele ya mtaa wote, "nilikukosea."

Kwa nyuma mtu akauliza, "Sasa ni nani aliyetuletea?" Na vichwa vikaanza kugeuka, kila kimoja kinatafuta mlango mpya wa kuutazama. Hapo ndipo Mama Lenzi aliponiteka moyo mpaka leo. Akasema, "Mimi natafuta ugonjwa. Sitafuti mtu. Huu unakuja na mche, na udongo kwenye jembe, na tope la kiatu, na maji ya mvua. Mkianza kumtafuta mtu mtampata, kwa sababu mtu hakosekani, na ugonjwa utabaki palepale."

Wakauliza dawa ya kupuliza. Akasema haipo, na hakuipamba kauli yake. Mimea iliyougua ing'olewe na mizizi, ichomwe moto. Ukoo huo wa nyanya usirudi kwenye udongo ule kwa miaka kadhaa; papandwe mahindi, papandwe kabichi. Mwenye hamu ya nyanya apande kwenye ndoo, kwa udongo safi. Na kila jembe, kila kisu, kila soli ya kiatu ioshwe tope, kisha ilowekwe kwenye klorini.

Klorini, ile tunayong'arishia nguo nyeupe. Mtaa mzima ni nani mwenye klorini, na ni nani anayejua kuichanganya isimchubue mtu ngozi?

Waheshimiwa, kesho yake foleni ya majembe ilianzia mlangoni kwangu ikapinda kona. Wale wale waliokuwa wamenipa mwisho wa mwezi walisimama wameshika majembe yao mikononi, na mimi nikayapokea moja moja na kuyatia kwenye beseni. Lile lile beseni. Mama alitoa kiti chake nje akakaa kutazama, na nawaambieni, malkia hajawahi kukaa vile.

Fundi Saa aling'oa bustani yake yote kwa mikono yake. Hakutaka kusaidiwa, na sisi tulijua kugeuza nyuso. Msimu uliofuata ngazi za mtaa wetu zilijaa ndoo, kila ngazi ndoo, na kila ndoo nyanya nyekundu. Mahindi yake yalitupita sote kimo. Siku hizi anasimama katikati ya mahindi na kikombe chake, tunaona mvuke tu.

Baada ya hapo majani yakaanza kuja maktaba kwa mifuko. Wenye migomba, wenye waridi, wenye mche mmoja wa kiungo cha mboga kwenye kopo dirishani. Ngazi zikazibika. Ndugu Mkutubi, ulilalamika sana, na nina mashahidi. Kisha ukatoa viti vibovu kwenye stoo hii kwa mikono yako mwenyewe ili daktari apate chumba. Mheshimiwa Mwenyekiti, ulipokuja kukagua ulileta jani la ndimu lililojikunja, ukasema ni la rafiki yako. Tunafurahi kwamba rafiki yako amepona. Mwambie rafiki yako kwamba chumba hiki bado hakina bomba la maji, na kwamba daktari wa mimea anapandisha maji kwa ndoo ghorofa mbili.

Mama Lenzi, wewe hupendi kusifiwa, basi vumilia. Wengine wanajua mengi. Wewe unajua, na uko tayari kuja kuangalia. Uliahidi kusema kweli hata ingeniangukia mimi, ndiyo maana kweli yako iliponiinua hakuna aliyeitilia shaka. Leo naishi nilipozaliwa, kamba zangu zimejaa mashati, na majirani zangu wako hapa wamenizunguka. Mama yangu yuko hapa. Nimeshinda, na tumeshinda wote.

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Mheshimiwa, mkasi uko kwenye sahani. Tafadhali ukate utepe sasa, maana nikiwa hapa juu namwona baba mmoja nje kwenye jua, amekumbatia mpapai mzima, na yeye, si kama mimi siku ile, ameuleta pamoja na mizizi yake.