Alale Chini: Miaka Ishirini na Sita ya Mzee Wabwile

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Khisa Wabwile, mtaalamu wetu wa maabara, anastaafu baada ya kuhudumu miaka ishirini na sita katika kambi yetu ya riadha juu ya Endebess. Nimeombwa mimi, Rispah wa mabweni, nimwandikie. Nadhani wamesahau nilichofanya mwaka wa 2019, ama wanakikumbuka vizuri sana.

Alipofika, ukutani kulikuwa na chati moja. Kila mwanariadha alikaa huku juu wiki nne, kilomita zilezile, saa zilezile za kulala, kwa sababu hewa nyepesi ya mlimani huongeza damu. Mzee hakubishana na chati. Alinunua madaftari, moja kwa kila mtu, akawa anaandika mapigo ya moyo, uzito, usingizi na damu. Tulimwita Karani, naye akaitika tu.

Kisha, mwaka huo wa 2019, akaja Edinah, binti wa wakulima wa miwa kutoka Kabuchai, ambako ni chini sana kuliko huku. Wiki ya pili hali chakula, halali usiku, na mazoezini anaburuta mkia. Kocha Kipruto akaamua arudishwe nyumbani. Mzee akafungua daftari la Edinah, ambamo mapigo ya moyo yalikuwa yamepanda, akaomba mwezi mmoja: msichana akimbie huku juu, lakini usiku ashuke Kitale. Mimi akaniachia kikaratasi: Edinah alale chini.

Jamani! Nikatoa kitanda, nikamtandikia godoro sakafuni. Usiku wa siku mbili mtoto wa watu akatetemeka kwa baridi ya Mlima Elgon. Mzee alipoona mapigo yamepanda zaidi, akaja bwenini, akaangalia godoro, akaniangalia mimi, akacheka hadi miwani ikaanguka. Hakuniripoti popote. Jioni hiyo alimpeleka Edinah nyumbani kwake Kitale, kwa mkewe Agneta, na kila asubuhi wakawa wanapanda pamoja kuja kambini.

Mwezi ulipoisha, Edinah alishinda mita elfu kumi pale Bungoma. Nililia hadharani, sioni haya kusema. Kocha Kipruto aliibandua chati kwa mikono yake mwenyewe. Leo kila mtu ana daftari lake, hata Chepngeno, mzaliwa wa huku mlimani, ambaye lake bado linasema wiki nne juu.

Mzee anarudi kwao Ndalu, huko chini ya mlima. Zawadi yetu ni kitanda cha mvule, futi tano kwa sita, na aliyekichagua ni Edinah.

Asante, Mzee, kwa kutuona mmoja mmoja. Wewe na Mama Agneta tunawaombea afya na mapumziko matamu. Sasa ni zamu yako kulala chini, na safari hii kitanda sijakitoa.