Mwalimu Wagaki na Ugonjwa Tuliokataa Kuuona

Wagaki wa Gichuru alizaliwa hapa Kawangware tarehe 9 Agosti 1941, binti wa mzee Gachanja na mama Njambi. Shule aliianza, ikakatizwa na miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, akairudia na kumaliza darasa la nane mwaka 1959.

Kuanzia Januari 1964 alifundisha nasari, shule ya watoto wadogo, huko Kambi Muru, Kibera, akienda kwa miguu kila asubuhi. Mvua ikipiga mabati hadi sauti isisikike, aliwafundisha watoto kwa ishara za mikono. Wakazipenda ishara hizo kama mchezo hata wakawa wanaomba mvua.

Aliolewa na Gichuru, fundi viatu wa Riruta Satellite, tarehe 3 Desemba 1966. Walijaliwa watoto watatu.

Kuna waliotaka sehemu inayofuata iandikwe kwa mstari mmoja. Gichuru alikataa.

Mwaka 1972 mdogo wake Wagaki, Kihara, anayewasomea maneno haya, aliugua. Hakulala, hakula, nguo zikamning'inia mwilini. Hapakuwa na msiba wala hasara iliyomfikisha huko. Daktari aliuita ugonjwa wa huzuni nzito. Wagaki ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko kwa miezi minne.

Njambi, kitinda mimba wao aliyepewa jina la bibi yake, alipozaliwa Novemba 1977, Wagaki naye alibadilika. Yeye alikula kupita kiasi, akalala hadi saa sita mchana, akalalamika mgongo na miguu mizito, akawagombeza watoto kwa jambo dogo. Wageni wakija, alicheka nao. Kihara alimwambia mbele ya watu: "Mimi nilikuwa mgonjwa, dada. Wewe unakula na unalala. Hiyo ni uvivu tu."

Wagaki aliacha kazi.

Mwalimu mwenzake, Filister Oloo, ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari alimwita Kihara, akamwambia: "Ni ugonjwa ule ule. Wewe ulikunyima usingizi, yeye unamlaza. Wako hatukujua ulikotoka. Wake umefuata uzazi. Usimpime kwa kipimo chako."

Kihara aliomba msamaha. Wagaki alitibiwa, na Januari 1980 akarudi darasani.

Jumanne, tarehe 13 Machi mwaka huu wa 1984, Wagaki alisema kifua kinamuuma na pumzi haitoshi. Gichuru alikuwa safarini Nakuru. Kihara, aliyedhani sasa anamjua dada yake, alisema: "Ni ile mambo yako imerudi. Meza dawa, ulale."

"Hii si ile, Kihara," Wagaki alisema. "Ile naijua."

Alilala siku tatu. Ijumaa asubuhi Filister alikuja kuuliza mbona haonekani shuleni, akamkuta midomo imekuwa ya samawati. "Nyinyi mnangoja nini?" alipiga kelele, akakimbilia barabarani kutafuta gari. Wagaki alifariki saa tano asubuhi hiyo, wakiwa njiani kwenda hospitali. Ilikuwa nimonia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Amemwacha mumewe Gichuru. Watoto wao watatu, Njambi akiwa wa miaka sita. Mama yake mzazi. Rafiki yake Filister. Watoto wa nasari waliosimama pale nyuma. Na mdogo wake Kihara, aliyemhukumu dada yake mara mbili, na mara zote mbili akadhani anajua zaidi yake.

Mungu amlaze Wagaki pema, naye apumzike.