Jioni Moja ya Kumfurahisha Mzaramo

Benchi la kijiwe cha kahawa cha Ipuli, Tabora, lina miguu minne: mitatu ya mbao, wa nne tofali. Kila alasiri hukaliwa na wanaume watatu ambao wake zao wanaamini wapo kwenye mihangaiko. Yupo Katibu, asiye na chama. Yupo Nusu Injinia, aliyefungua redio nyingi na kuzifunga chache. Na yupo Majidi Transiti, dereva wa malori mstaafu, mwenye kitambi kilichochangiwa na nchi sita, ambaye hata ukimfunga kitambaa machoni atakufikisha kwenye kuku mtamu wa Lubumbashi. Mahona, muuza kahawa, huwamiminia na kujuta. Jumamosi hiyo Transiti hakugusa kikombe. Binti yake anaolewa, na mama wa bwana harusi, Bi Asmahani, Mzaramo wa Temeke, alikuwa njiani anakuja. Alishatamka kwenye simu: “Watoto wote wanafanya kazi Dar, Tabora tukafuate nini? Nioneshe jioni moja tu ya raha. Ukishindwa, harusi huku huku.” Na harusi ikienda Dar, Bibi Nyamizi, mama yake Transiti, ambaye siku hizi safari yake ndefu ni ya kutoka kitandani hadi jikoni, ataishia kuiona kwenye simu ya jirani.

— Jamani, nimpeleke wapi? — Transiti aliuliza.

— Rahisi, — alisema Katibu. — Matobolwa na karanga. Unadhani misafara ya zamani ilisimama hapa kwa ajili ya pembe za ndovu? Pembe kisingizio! Watu walikuja kutafuna viazi vyetu vikavu.

— Na Waarabu?

— Walitafuna wakasahau kurudi kwao. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia polepole.

Nusu Injinia alikohoa kitaalamu.

— Mtu wa Dar mpe anachokijua. Chipsi mayai.

— Atoke Temeke, apande treni, apande basi, aje ale chipsi?

— Lakini za hapa hazina foleni! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mimi naumwa nini mpaka nipone?

— Unaumwa mkwe.

Mahona alicheka akamwaga kahawa kwenye kiatu chake mwenyewe. Katibu, kuona anapitwa, akapandisha dau.

— Chakula kitu gani! Burudani ndiyo inayotakiwa. Tuwaite wacheza nyoka. Ngoma mbili, chatu mmoja, mama wa watu anavishwa shingoni kama kitenge.

— Nimvishe mkwe wangu chatu?

— Asiyefunzwa na mamaye…

— Mamaye ndiye huyo huyo anayekuja, Katibu!

— Chatu ni mambo madogo, — alisema Nusu Injinia. — Turudishe msafara. Wapagazi arobaini kutoka stendi, ngoma mbele, mizinga ya asali vichwani, yeye juu ya machela.

— Na nyuki je?

— Nyuki ndiyo burudani yenyewe.

Hapo bajaji ikasimama. Akashuka mama mnene, miwani ya jua, begi kama kabati.

— Basi limewahi, — alisema. — Haya, yupi kati yenu ni Mnyamwezi aliyeniahidi raha? Au wote bado mmepumzika na mizigo ya babu zenu?

Transiti aliinuka kwa pupa, benchi likaruka tofali, Katibu akabaki chini.

— Karibu, Bi Asmahani! Jioni hii tumekupangia… kuna hoteli moja… au kuna mahali pana…

— Ngoja, mkwe. Nisingekuja, leo ungekula wapi?

Katibu alimtazama Nusu Injinia. Nusu Injinia alilitazama tofali. Mji wa Lubumbashi wote ulipita kichwani mwa Transiti, na Kigoma, na Bujumbura. Tabora haikupita.

— Kwa mama, — akasema hatimaye, kama mtu aliyekamatwa. — Jumamosi hupika ugali na uyoga wa karanga.

— Na burudani?

— Ni yeye mwenyewe. Akishiba huwasema Wazaramo mpaka tulale.

— Anatusemaje?

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani wa jadi, lakini huyu alishika harusi mkononi.

— Kwamba babu zetu wakishuka pwani, babu zenu waliwatoza hongo hata kwa kupitisha kivuli.

Bi Asmahani alivua miwani.

— Kivuli! Na ya kupiga chafya je, hakusema? Huyo bibi hajapata mtu wa kumjibu. Twende nikatukanwe. Ukumbi mtatafuta wenyewe, ila siku ya harusi anikalie karibu, sijamaliza naye.

— Ukumbi wa… hapa Tabora?

— Beba begi, Mnyamwezi. Usiaibishe ukoo.

Transiti akajitwika. Shingo ikiwa imekakamaa, alimsikia Mahona nyuma yake:

— Na kwako, Katibu, Jumamosi huwa wanapika nini?

Katibu alirudisha tofali chini ya benchi.

— Nitajuaje, Mahona? Jumamosi si huwa nipo hapa?