Mjomba na Alama Zangu za Kidato cha Tatu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Na ninyi wa "Bwana asifiwe" mliokaa huku mbele, Bwana asifiwe pia, maana ni Bwana yuleyule. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho sijasikia mtu akikishukuru kanisani: alama mbovu za shule.

Nilizaliwa Mgeta, kule juu ambako kabichi hupandwa kwenye mteremko mpaka unajiuliza mtu anasimamaje kuipalilia. Baba alifariki nikiwa mdogo. Lakini sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye sauti juu yangu alikuwa mjomba Pius, kaka yake mama. Mjomba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na miaka ile Ujamaa ulikuwa moto. Mjumbe alikuwa mtu! Kila mkutano alisimama akahimiza watoto wote waende shule, wa kike kwa wa kiume. Nami akanipeleka sekondari ya bweni mjini Morogoro, akibeba sanduku langu kichwani mpaka kwenye lori la mboga.

Kidato cha kwanza na cha pili niliongoza darasa. Nasema kwa utukufu wa Mungu, ingawa na mimi nilijisikia kidogo. Halafu likizo ikafika, nikiwa nyumbani nikavunja ungo. Ndugu zangu wa milimani, mnajua kilichofuata. Nikawekwa ndani, nikawa mwali. Bibi alitaka hivyo, ukoo ulitaka hivyo, na mjomba, huyohuyo wa mikutano, akakubali. Shule ikafunguliwa, mimi nimekaa nyuma ya pazia nafundishwa kusema polepole na kutomkazia mwanamume macho. Mjomba akapeleka neno shuleni kwamba naumwa.

Nilipotolewa, kidato cha tatu kilikuwa kimefika katikati na wenzangu walikuwa mbali. Hesabu nikaanguka, kemia nikaanguka, fizikia sitaki hata kuitaja. Nikalia, nikasoma. Kidato cha nne nikaanza kupanda, na cha sita nikafaulu vizuri mno.

Ndipo ikatokea nafasi ya chuo kikuu ng'ambo, kusomea udongo. Udongo wetu Mgeta ulikuwa unateremka na mvua kila mwaka, na shamba la mama pamoja nao. Niliitaka nafasi ile kwa moyo wangu wote! Chuo kilitaka ripoti zote toka kidato cha kwanza. Nikaitwa mjini mbele ya kamati, wazee wa serikali pamoja na mzungu mmoja aliyetoka chuoni. Mwenyekiti akazitazama ripoti zangu, akaniuliza kwa upole tu: "Binti, hapa katikati kulitokea nini?"

Ningesema nini? Mambo ya mwali hayasemwi mbele ya wanaume. Na nikisema, ninamuumbua mjomba, mjumbe anayehimiza shule huku amemfungia mpwa wake ndani. Nikainamisha macho kama nilivyofundishwa, nikasema niliumwa. Kwetu macho yale ni adabu, lakini yule mzungu akamnong'oneza mwenyekiti, nami nikajua ananiona mwongo. Na kweli nilikuwa nadanganya. Nikaambiwa nirudi wiki inayofuata na cheti cha hospitali, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Nikapanda lori kurudi Mgeta. Kabla ya kufika nyumbani nikapitia kanisani, nikapiga magoti, nikasali rozari nzima nikimwomba Mama Maria aniombee nipate cheti. Cheti cha uongo! Kwa rozari! Mnacheka, na mimi leo nacheka, lakini siku ile nilisali kwa machozi.

Mungu hakunipa cheti. Nilimkuta mjomba anafunga kabichi kwenye matenga. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Mganga wa zahanati alikuwa rafiki yake, neno moja tu na cheti kingeandikwa, na mimi nilikaa pale nikilisubiri neno hilo. Mjomba aliendelea kufunga tenga lake mpaka likaisha. Kisha akasema, "Cheti sikutafutii, mwanangu. Tutashuka wote."

Siku ya kamati akavaa koti lake la mikutano. Tuliingia pamoja, akawaamkia wazee, akakataa kiti. Akasema, "Huyu mtoto hakuumwa. Nilimweka mwali mimi, na shule nikaidanganya mimi. Hizo alama mbovu ni zangu. Yeye mwandikieni hizo nyingine."

Mwenyekiti akamuuliza kama anajua kwamba anayasema hayo yeye akiwa mjumbe. Mjomba akajibu kwamba anajua. Mzungu alipotafsiriwa akanigeukia mimi, akataka kujua nilipandaje tena baada ya kuanguka vile. Na mimi, ndugu zangu, nikainua macho! Nikaeleza nilivyokuwa nikinakili daftari za wenzangu kila Jumapili baada ya misa, na jinsi shamba la mama linavyoteremka. Nilisema mpaka mwenyekiti akanikatiza. Nafasi nikapewa. Asante Yesu!

Niliporudi toka masomoni nikakuta mjumbe wetu ni mtu mwingine. Mama ndiye aliyenieleza: nilipoondoka tu, mjomba aliitwa, akavuliwa ujumbe mbele ya watu aliokuwa akiwahutubia. Barua zake zote kwangu zilikuwa za mvua na kabichi, hilo hakuligusia hata mara moja. Nikaenda kumpigia magoti. Akaniambia niinuke nikaangalie udongo, mvua iko karibu.

Mjomba alibeba la kwake mwenyewe, na likamgharimu. Yesu hakuwa na la kwake hata moja, akabeba langu. Mpaka leo nikiutazama msalaba, nasikia maneno ya mjomba katika chumba kile: hizo alama mbovu ni zangu. Namshukuru Mungu, namshukuru tena!

Wewe ndugu unayehangaika kutafuta cheti cha kufunikia mwaka wako mbaya, acha. Njoo kwa Yesu na ripoti zako zote, toka kidato cha kwanza. Anazijua, na bado anakuita.

Sasa nimalizie. Mtu ninayemsema yupo hapa, benchi la nyuma kule, na lile koti lake, anajifanya hanisikii. Mjomba, nakuomba usimame watu wakuone.